Kwa nini barabara kuu ya Leadville ni Harrison Avenue na siyo Chestnut iliyoanza? Wajuzi wa miji ya migodi, njooni

#1 DerevaWaMilima

Wakuu salaam.

Naishi Aurora, jirani na Denver, huu ni mwaka wa tisa. Jumamosi nilipanda na familia mpaka Leadville, mji wa migodi ulio juu ya Milima ya Rocky, mita 3,094 kutoka usawa wa bahari. Kwa aliyewahi kupanda Kilimanjaro, hapo umeshaipita Mandara lakini Horombo hujafika. Na watu wanaishi, wana shule, wana kituo cha mafuta. Pakiti za chipsi za watoto zilikuwa zimevimba kama mpira, mdogo akatokwa damu puani, na mimi niliyezoea kubeba mizigo nikawa napumzika kila baada ya maduka matatu.

Barabara kuu ni Harrison Avenue, inakwenda kaskazini na kusini. Ni pana, na pande zote mbili kuna majengo ya matofali ya miaka ya 1880, yale ya madirisha marefu yenye urembo juu kama kofia. Kila ukifika njia panda ukitazama magharibi unaona mlima wenye theluji.

Nikashuka nayo kusini mpaka inakatana na Chestnut Street. Mzee mmoja wa duka la vitu vya kale alikuwa ameniambia kwamba hiyo Chestnut ndiyo iliyokuwa barabara kuu mji ulipoanza, mwaka 1877 na 1878. Leo ni kimya kabisa. Nimesimama pale robo saa nzima, limepita gari moja.

Swali langu: ni nini kilichohamisha mji kutoka barabara moja kwenda nyingine? Mimi nasema ni mtu mmoja, Horace Tabor, mchimbaji maskini aliyegundua madini ya fedha, kisha akajenga jumba la opera pale Harrison mji ukiwa na watu 40,000. Mwenye hoja nyingine aje.

#2 Shoka Butu

Uzi bila picha? Ila endelea, nimeshavuta kigoda.

#3 Karani wa Zamani

DerevaWaMilima, asante kwa uzi. Nina marekebisho mawili kabla watu hawajajenga juu ya msingi huo.

Kwanza, Tabor hakugundua fedha. Alikuwa mwenye duka na posta, na ndiye meya wa kwanza wa mji. Mwaka 1878 Wajerumani wawili, August Rische na George Hook, walikuja dukani kwake hawana kitu. Akawapa chakula na vifaa kwa makubaliano kwamba wakipata chochote theluthi ni yake. Hesabu inayotajwa sana ni dola 17. Wakachimba mgodi ulioitwa Little Pittsburg, na mwaka uliofuata Tabor akauza sehemu yake kwa dola milioni 1.

Pili, sensa ya 1880 ilihesabu watu 14,820 mjini. Hizo 40,000 ni za masimulizi.

#4 MwanaApolo77

Hapo kwenye dola 17 ndipo penye ladha. Sisi wa Mirerani tunalijua hilo jambo bila kusoma kitabu. Kuna wenye kitalu, kuna mfadhili anayeleta unga, maharage, dagaa na baruti, na kuna sisi tunaoshuka chini bila mshahara tukingoja siku ya kupasua, yaani kuyakuta madini. Mimi nimeshuka miaka sita. Mfadhili wetu alikuwa na duka la nafaka, na kwenye mwamba hajawahi kutia mguu hata siku moja. Siku tulipopasua, mgao wake ulitoka kwanza, ndipo wetu.

Kwa hiyo Tabor namwelewa kabisa. Na naongeza: mwenye duka akipata pesa hajengi karibu na shimo. Anajenga pale anapotaka watu waje kununua. Naunga mkono hoja ya mleta uzi, ila kwa sababu tofauti na yake.

#5 Dada wa Denver

Karani, umesema kweli lakini umekata kipande. Tabor alichimba. Alifika bonde la California Gulch mwaka 1860, wakati dhahabu ya mchangani ilipoonekana, akaosha mchanga kama wengine. Duka limekuja pembeni. Na aliyelibeba duka ni mkewe, Augusta, mwanamke wa kwanza kwenye kambi ile. Alilisha wachimbaji, alipima dhahabu kwenye mizani, alishika posta. Kila ukisoma habari za Tabor unamkuta mume kila mahali, na mizani iko mkononi mwa mke.

Kuhusu idadi ya watu, sensa hiyo hiyo ya 1880 iliipa wilaya nzima ya Lake watu 23,563. Wengi walikuwa vibandani na kwenye mahema nje ya mipaka ya mji. Kwa hiyo 40,000 sikubali, ila 14,820 nayo inawaacha nje watu waliokuwa wanakuja mjini kila Jumamosi.

#6 Fundi Chokaa

Mnaozungumza Tabor mnasahau jina la barabara. Kwa nini isiitwe Tabor Avenue? Harrison ni Edwin Harrison, tajiri wa St. Louis, ambaye kampuni yake ilijenga tanuru la kuyeyushia mawe mwaka 1877 pale chini, mwisho wa barabara. Tanuru lilikuwepo kabla Tabor hajapata hiyo milioni. Mikokoteni ya mawe ilishuka hapo kutoka vilima vya mashariki, na magunia ya mkaa yalipelekwa hapo. Penye tanuru pana mishahara, na penye mishahara pana maduka.

#7 KotaZaKilembe

Nawasalimu kutoka Kasese. Baba yangu alikuwa mchimbaji wa shaba Kilembe, nimezaliwa kwenye kota za kampuni. Fundi, hoja yako nzuri, nami nina ushahidi kwa upande wa pili.

Kilembe shaba ilichimbwa mlimani kwenye bonde la mto Nyamwamba, lakini tanuru lilijengwa Jinja. Reli ilifika Kasese mwaka 1956 kubeba mzigo. Matokeo yake Kilembe, ambako ndiko kwenye mgodi, haikupata barabara kuu ya maduka mpaka leo. Ina njia moja ndefu inayofuata mto, kota huku, hospitali kule. Maduka, benki na hoteli vyote vilikwenda Kasese chini, penye stesheni. Kwa hiyo mimi nasema tafuteni reli. Stesheni ya Leadville ilikuwa wapi?

#8 Karani wa Zamani

Mzee wa Kilembe, reli inakataa kwa tarehe. Denver & Rio Grande ilifika Leadville Julai 1880, na Ulysses Grant, rais wa zamani, alikuwa kwenye msafara wa kwanza. Lakini jumba la opera la Tabor pale Harrison lilifunguliwa tarehe 20 Novemba 1879. Matofali, chuma, viti, vyote vilipanda mlimani kwa mikokoteni ya nyumbu na ng'ombe. Wanasema lilijengwa kwa siku 100. Harrison ilikuwa imeshainuka kabla treni haijapiga honi.

#9 KotaZaKilembe

Nakubali tarehe. Ila mtu akishajua reli inakuja anajenga kabla haijafika. Hapa kwetu viwanja vya Kasese vilianza kutafutwa reli ikiwa bado njiani. Sijajitoa kwenye hoja yangu.

#10 Mama Lishe Makongolosi

Wanangu, mimi sijafika Marekani. Nimepikia watu machimboni Chunya huko miaka kumi na minne, nimefuata rashi nne, yaani dhahabu ikitokea mahali watu wote wanakimbilia huko. Mnabishana habari za matajiri, niwaambie barabara inavyohama nilivyoiona kwa macho.

Rashi moja tulianza chini, karibu na shimo la kwanza. Mabanda yakapangwa mstari, kukawa na njia nzuri tu: muuza vocha, kinyozi, mimi na sufuria zangu, wenye mizani ya dhahabu wawili. Mwezi wa pili gari la maji likagoma kushuka kwa sababu ya tope, dereva akawa anasimama juu kwenye mti mkubwa. Basi. Siku ya kwanza wanawake wakapanda na ndoo. Wiki ya pili kinyozi akahama. Wiki ya tatu wenye mizani wakahama usiku bila kuaga, nami asubuhi nimebandika chai ya watu sitini nikauza vikombe kumi na moja. Nikang'oa maturubai yangu siku hiyo hiyo.

Hakuna tajiri aliyeamua. Ni gari la maji. Ulizeni huko Leadville maji yalikuwa yanapatikana wapi, na tope la hiyo Chestnut lilikuwaje.

#11 Shoka Butu

Nimesoma nne zote: tajiri, tanuru, reli, gari la maji. Hadi sasa Mama ndiye anaongoza.

#12 Dada wa Denver

Mama Lishe, shikamoo. Kuhusu tope hukukosea. Chestnut iko upande wa chini, karibu na bonde la California Gulch, mahali walipokuwa wanaoshea dhahabu tangu 1860. Ilikuwa njia ya mikokoteni kwenda migodini, na theluji ya huko inaanza kuyeyuka Mei. Ukipanda Harrison kuelekea kaskazini unapata nafasi. Tazameni namba za majengo: jumba la opera liko karibu na mtaa wa tatu, la 1879. Hoteli ya Tabor Grand, iliyofunguliwa 1885, iko mtaa wa saba. Delaware Hotel ya 1886 iko ng'ambo ya barabara, mtaa wa saba huo huo. Ndani ya miaka saba mji umepanda mitaa minne. Ukitembea kutoka kusini kwenda kaskazini unatembea na kalenda.

Naongeza sababu moja ambayo wanaume wa jukwaa hili hamtaitaja. Nyuma ya Chestnut kulikuwa na State Street, mtaa wa baa, kamari na madanguro. Wenye familia walitaka barabara ambayo mke na watoto watapita mchana. Harrison ndiyo ikawa barabara hiyo.

#13 MwanaApolo77

Dada, hapo nakupinga kwa heshima. Hiyo Harrison ya familia ndiyo ile ambayo Doc Holliday alimpiga mtu risasi Agosti 1884 kwa deni la dola 5, ndani ya baa ya Hyman, mlango wa jirani na jumba la opera. Na ng'ambo ya jumba hilo kulikuwa na baa nyingine, ambayo iko wazi mpaka leo kwa jina la Silver Dollar. Pombe ilipanda pamoja na hoteli.

#14 Dada wa Denver

Sikusema hapakuwa na pombe. Nimesema tofauti ya mtaa na mtaa. Hata mwaka 1942 na kuendelea, jeshi lilipojenga kambi ya Camp Hale nyuma ya milima, lilikataza askari kuingia Leadville mpaka mji usafishe State Street. Jeshi nalo lilijua kutofautisha mitaa.

#15 Mchenjuaji

Naomba nirudi nyuma kidogo kwa ajili ya vijana wa mwalo, waosha dhahabu wenzangu, wanaosoma kimyakimya, maana hiki kisa kinanikereketa.

Hao waosha dhahabu wa 1860 walikuwa wanalalamikia mchanga mweusi mzito unaoziba mifereji yao. Wakautupa kwa miaka zaidi ya kumi. Ndipo 1874 na 1875 William Stevens na Alvinus Wood wakaupeleka kupimwa, kumbe ni kaboneti ya risasi, ile metali nzito, iliyojaa fedha. Mji mzima umetoka kwenye taka. Mimi kazi yangu ni marudio, yaani naosha tena udongo walioutupa wazee, nachenjua kwa sianidi kwenye matangi. Nimeona rundo ambalo watu walilikojolea miaka ishirini likitoa dhahabu kuliko shimo lililo jirani yake. Kila nikisoma hao watu wa California Gulch wakiutupa mchanga mweusi naumia kama ni wangu.

#16 DerevaWaMilima

Mchenjuaji, na madhara yake bado yapo. Huo mfereji wa California Gulch ulitoa maji yenye tindikali na metali mpaka mto Arkansas. Mwaka 1983 serikali kuu iliuingiza kwenye orodha ya maeneo machafu kuliko yote nchini. Marundo ya vifusi yapo upande wa mashariki wa mji, ya njano na kijivu, mengine yamegeuzwa njia ya baiskeli inayouzunguka mji. Binti yangu aliuliza kwa nini kilima hakina hata jani moja.

Samahani kwa kusema Tabor ni mgunduzi. Nimeelimika.

#17 Baraza la Mizingani

Assalamu alaykum. Mmepita juu ya jambo kubwa. Mnauliza barabara ilihamaje, mie nauliza ilikufaje mwaka 1893, na jibu lake liko upande wetu wa bahari.

Leadville iliishi kwa sababu serikali ya Marekani ilikuwa ikinunua fedha, wakia milioni 4.5 kila mwezi kwa sheria ya 1890. Juni 1893 India ikafunga viwanda vyake vya kutengeneza rupia kwa fedha ya kila aletaye. Bei ya fedha ikaanguka kutoka senti 83 hadi 62 kwa siku chache. Novemba Marekani nayo ikafuta sheria yake. Migodi ikafungwa, Tabor akafilisika, akafa 1899 akiwa amepewa kazi ya posta ya Denver.

Sasa rupia hiyo ya India ndiyo iliyokuwa pesa ya Unguja, Mombasa na pwani nzima, pamoja na riale ya fedha. Babu yangu alikuwa na duka Darajani, na nyumbani tuna sanduku lenye rupia tatu za Malkia, zimelika ukingoni. Nikizishika huwa nauliza fedha yake ilitoka shimo gani. Kwa hiyo wapwa zangu, wakati mnagombania Tabor na tanuru, mwenye kuua barabara hiyo alikuwa ofisini India.

#18 Karani wa Zamani

Sheikh, hii ni nyongeza nzito na tarehe zako ziko sawa. Napinga neno kufa tu. Harrison haikufa 1893. Wenye mgodi wa Little Jonny walikuta dhahabu mwaka huo huo, J.J. Brown akatajirika nayo, yule mume wa Margaret aliyenusurika kwenye Titanic. Na majira ya baridi ya 1895 kwenda 1896 wakajenga kasri la barafu ili watalii waje, tani 5,000 za barafu, minara mirefu, ukumbi wa kuteleza ndani. Likafunguliwa Januari mosi 1896, mwisho wa Machi likafungwa.

#19 Shoka Butu

Kasri la barafu! Wakiwa na njaa?

#20 Karani wa Zamani

Ndiyo. Na mwaka huo huo, 1896, wachimbaji wakagoma kudai dola 3 kwa siku kwa kila mtu. Septemba mgodi wa Coronado ukachomwa moto, watu wakafa, jeshi la jimbo likaletwa. Mgomo ukashindwa mwanzoni mwa 1897.

#21 MwanaApolo77

Hawa ndio niliokuwa nawangoja. Tumefika posti ya 21 ndipo wachimbaji wanatajwa.

#22 Dada wa Denver

Umesema kweli, na wengi wao hawana hata majina. Kwenye makaburi ya Evergreen, upande wa maskini, wamezikwa Waairishi zaidi ya 1,300, wengi vijana na watoto wachanga. Wengi walitoka rasi ya Beara huko Ireland, kwenye migodi ya shaba ya Allihies. Makaburi yao ni mashimo tu, udongo umetitia chini ya misonobari. Nimetembea pale. Unaona bonde dogo, hatua mbili bonde lingine, hatua moja kijibonde kifupi, unajua ni mtoto. Mnara wa kumbukumbu wenye majina umezinduliwa 2023. Kutoka hapo mpaka Harrison ni mwendo mfupi wa miguu.

#23 Mlubumbashi

Jambo yenu ba ndugu. Nasoma niko Lubumbashi. Sheikh wa Unguja ameleta rupia, mimi naleta almasi.

Kule Leadville kulikuwa na mgodi wa A.Y. na wa Minnie. Mwaka 1881 Meyer Guggenheim, mfanyabiashara wa vitambaa wa Philadelphia, alinunua sehemu. Ulikuwa umejaa maji, akalipa kuyatoa, chini yake fedha. Ndio mwanzo wa utajiri wa Guggenheim kwenye madini. Mwaka 1906 mfalme Leopold wa Ubelgiji, Kongo ikiwa bado mali yake binafsi, akamwita Daniel mtoto wa Meyer pamoja na Thomas Fortune Ryan, wakaingia kwenye Forminière, kampuni ya almasi za Kasai. Mama yangu ni mtu wa Kasai. Kwa hiyo hiyo barabara yenu nzuri ya matofali, kipande cha safari yake kimepita kwetu.

#24 DerevaWaMilima

Nimesoma hii mara mbili. Nilipita mbele ya jengo moja pale nikasoma jina hilo la Guggenheim, nikaendelea kutembea tu. Asante ndugu.

#25 Fundi Chokaa

Turudi kwenye majengo. Mie ni fundi, nimekarabati nyumba za zamani. Swali la kwa nini Harrison *ilibaki* ni tofauti na kwa nini *ilikuwa*. Jibu langu ni umaskini. Mji ukiwa na pesa unabomoa na kujenga upya. Leadville baada ya 1893 haukuwa na pesa ya kubomoa. Matofali yakabaki hapo yanangoja.

#26 Dada wa Denver

Fundi, umaskini haulindi paa. Jumba la opera lilikuwa karibu kubomolewa katikati ya miaka ya 1950. Walioliokoa ni mama na binti, Florence Hollister na Evelyn Furman, walilinunua 1955 kwa pesa zao. Evelyn alilitunza miaka mingi akiwapitisha wageni mwenyewe. Mji ulilinunua 2016 tu. Na eneo lote likatangazwa urithi wa taifa 1961. Kuna mikono ya watu hapo.

#27 KotaZaKilembe

Na mshahara. Leadville haikuwa maskini wakati wote. Juu yake kuna mgodi wa Climax, wa molibdenamu, ile inayokazia chuma cha pua na vyuma vya vita. Ulianza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ukalisha mji miaka mingi. Bei ikaanguka, na mwaka 1981 na 1982 wakaachisha watu kama 3,000.

Niwaambie kwa nini nakumbuka. 1982 ndio mwaka Kilembe iliposimamisha shaba. Nilikuwa darasa la tano. Honi ya zamu ilikuwa inalia asubuhi, mama anaitumia kama saa ya uji. Siku moja haikulia. Mama akawa anachungulia nje, anarudi, anachungulia, uji ukaungua. Baba akabaki nyumbani amevaa buti zake mpaka mchana. Sikujua kwamba mwezi ule kulikuwa na watoto wengine, mlima mwingine, wanaona jambo hilo hilo.

#28 Mama Lishe Makongolosi

Mwanangu wa Kilembe, pole. Buti nazijua.

#29 Karani wa Zamani

Baada ya hapo mchimbaji mmoja wa Climax, Ken Chlouber, akaanzisha mbio za maili 100 milimani mwaka 1983 ili watu waje walale mjini. Wa kwanza walianza 45, wakamaliza 10. Leo mbio hizo zinaanzia kwenye kona ya Harrison na mtaa wa sita, alfajiri saa kumi. Climax nayo ilifunguliwa tena 2012. Kwa hiyo Fundi ana umaskini, Dada ana mama na binti, Kilembe ana molibdenamu, na mimi naongeza wakimbiaji na barabara kuu ya taifa namba 24, ambayo inapita juu ya Harrison yenyewe. Kila lori linalovuka linaona madirisha hayo.

#30 Fundi Chokaa

Wakimbiaji wamekuta matofali yamesimama tayari. Narudi pale pale.

#31 Mama Lishe Makongolosi

Mimi kuna jambo limenikaa tangu posti ya Dada. Huyo Augusta alikuwa anawapikia nini? Huko juu maharage yanaiva kweli?

#32 Mchenjuaji

Mama, mita 3,000 maji yanachemka kwenye nyuzi kama 90 tu. Yanachemka mapema lakini hayana moto wa kutosha.

#33 DerevaWaMilima

Nathibitisha. Mke wangu alibandika maharage kwenye nyumba tuliyopanga, saa tano asubuhi. Saa kumi bado yanagonga sahani kama kokoto. Tukala mkate.

#34 Mama Lishe Makongolosi

Basi yule mama alikuwa analoweka usiku kucha na moto hauzimwi. Hesabuni kuni. Nani alikuwa anamkatia? Mtu akinitajia dola 17 za mumewe na asinitajie kuni, hajaniambia habari ya duka hilo.

#35 MwanaApolo77

Mama amefunga mjadala wa Tabor.

#36 Shoka Butu

Haujafungwa, gari la maji bado halijajibiwa. Dereva, picha ziko wapi?

#37 DerevaWaMilima

Mrejesho wakuu. Jana nilikuwa na mzigo wa kupeleka Buena Vista, nikarudi kupitia Leadville makusudi. Nimeegesha lori nje ya mji, nikatembea Chestnut kutoka mwanzo hadi mwisho saa kumi na mbili asubuhi.

Nilichokiona: barabara inainama kuelekea bondeni, si sana, lakini maji ya theluji yalikuwa yanatiririka upande mmoja na kukusanyika kwenye makutano na Harrison. Hapo buti ziliingia tope mpaka kwenye kamba. Nikapanda Harrison hatua kama hamsini, pakavu. Nimepiga picha ya buti, ya tope na ya pale pakavu, nitapandisha nikifika nyumbani.

Mama Lishe, ni mwezi mmoja na ni asubuhi moja, sijui 1879 ilikuwaje. Ila nimekukumbuka.

#38 Karani wa Zamani

Lami na mitaro ya leo si ya 1879. Tope la sasa haliwezi kuwa shahidi.

#39 Mama Lishe Makongolosi

Mlima nao umebadilika? Mteremko ni ule ule.

#40 Fundi Chokaa

Na tanuru la Harrison lilikuwa hapo hapo chini kwenye hilo tope, na likafanya kazi. Nani anijibu hilo?